Muulize Mwalimu: "Kiti Kisitoke Nyumbani"

Toleo lililopita nilimtaja Mama Salma Kikwete kwa mistari minne tu. Nilikuwa namjibu msomaji aliyetaka kujua kama mwalimu wa shule ya msingi anaweza kufika bungeni. Nikamwambia yuko aliyefika: alifundisha kwa zaidi ya miaka 20, akawa mke wa rais wa Tanzania, akaanzisha taasisi ya WAMA iliyosomesha wasichana, na mwaka 2020 akachaguliwa mbunge wa Mchinga, mkoani Lindi. Mistari hiyo minne imeniletea barua nyingi kuliko jambo lolote nililowahi kuandika hapa. Nyingine zimekuja kwa kalamu, kwenye karatasi iliyochanwa katikati ya daftari, na hizo nazisoma mara mbili. Nimechagua tatu. Ya kwanza nitaijibu kwa urefu, maana aliyeiandika amesimama mahali ambapo niliwahi kusimama karibu napo nikaona yaliyotokea.

Mwalimu, pokea salamu kutoka Kayole, Nairobi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali, huu mwaka wangu wa kumi na nne. Mume wangu ni MCA, yaani mjumbe wa wadi yetu katika bunge la kaunti, muhula wa pili. Hapa mtaani hakuna anayeniita kwa jina langu, mimi ni Mama Mheshimiwa. Miaka sita iliyopita nilianzisha chumba cha kusomea, cha mabati, nyuma ya kanisa. Tuna vitabu kama 400, meza mbili na taa ya sola. Watoto huja jioni kwa sababu kwao ni chumba kimoja, watu sita na televisheni. Kila Januari nachangisha karo na sare za wasichana wanaoingia sekondari. Pesa nyingine hutoka kwa mume wangu, nyingine kwa wafanyabiashara anaowajua yeye. Madaftari tunayogawa yana picha yake nyuma.

Sasa 2027 mume wangu anataka ubunge. Wazee wake na wapiga debe wamekuja nyumbani wakasema mimi nichukue wadi, kiti kisitoke nyumbani. Akina mama wa chama chetu pia wananitaka, ila wao wanasema ni kwa sababu ya chumba cha vitabu. Mimi mwenyewe moyoni nataka, nakiri. Lakini usiku silali. Nikishinda watasema ni mume wangu. Nikishindwa, watoto wangu wa jioni watakuwa wa nani? Mama Salma alifanyaje akatoka kwenye kivuli cha mumewe? — Mama Mheshimiwa, Kayole

Mwalimu mwenzangu, nitakuita hivyo, maana ndilo jina ulilolitolea jasho wewe mwenyewe.

Umeandika "nataka, nakiri." Kwa neno hilo tu niliiweka barua yako juu ya zote. Mwanamke akitamani kiti kwetu hufundishwa aseme ameombwa, amesukumwa, wazee wamemwita. Wewe umesema unataka. Lishike neno hilo, utalihitaji siku ambazo wazee hao hao watakuwa wamegeuka.

Acha nikusimulie habari ya kabati. Miaka ya tisini nilikuwa nafundisha darasa la tano katika shule moja ya Eastlands, mashariki mwa Nairobi. Mke wa mwanasiasa mmoja, mwanamke mkarimu kweli na mpenda watoto, alituletea kabati la chuma lenye milango ya kioo pamoja na maboksi manne ya vitabu vya hadithi. Siku ya kukabidhi palikuwa na hema na soda. Juu ya kabati jina la mumewe lilikuwa limepakwa kwa rangi nyeupe, herufi kubwa kuliko zangu za ubaoni. Ufunguo haukubaki shuleni. Ulikaa kwa msaidizi wake, naye alikuja siku za wageni. Siku nyingine zote kabati lilikuwa limefungwa.

Darasani kwangu kulikuwa na msichana mwembamba, mtoto wa muuza sukuma wiki. Kila mapumziko alikuwa anakwenda kusimama mbele ya kile kioo, anasoma migongo ya vitabu. Alijua majina yote kwa mpangilio, kushoto kwenda kulia, rafu ya juu mpaka ya chini. Majina tu, kwa sababu ndani hakuwahi kuingia.

Uchaguzi ukaja, yule bwana akashindwa. Wiki ya pili pikapu ikaingia uwanjani, vijana wanne wakalibeba kabati na vilivyomo. Sakafuni zikabaki alama nne za kutu pale miguu yake ilipokuwa. Msichana yule akaja akaziangalia, kisha akaniuliza, "Mwalimu, kwani vitabu navyo viligombea?"

Sikumjibu siku ile. Nilikwenda nyumbani nikakusanya magazeti na vitabu vyangu vya zamani, nikavitia kwenye kikapu cha mkonge, nikakiweka dirishani. Hakikuwa na kufuli. Viliraruka, vikapotea, vingine vikarudi vimefungwa kwa uzi, lakini vilisomwa.

Siamini mama yule alikuwa mtu mbaya. Naamini hakuwahi kujiuliza vile vitabu ni vya nani. Wewe umejiuliza mapema, na umeuliza kwa maneno yale yale: watoto wangu wa jioni watakuwa wa nani? Basi tuanzie hapo, kabla ya kura na kabla ya chama. Chumba kile kitoke mkononi mwako na mkononi mwa mumeo. Itisha wazazi wa watoto wanaokuja jioni, wachague kamati, nawe usiwe mwenyekiti. Wasajili kikundi: Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inataka watu wasiopungua 10, na wazazi hao unao. Namba ya simu inayopokea michango isiwe yako. Ufunguo akae nao mama anayeishi karibu na kanisa, yule ambaye mvua ikinyesha saa kumi na moja hahitaji kupanda matatu kuja kufungua. Wafanyabiashara wanaochanga kwa ajili ya mumeo, waambie wazi kwamba kuanzia sasa wanaichangia kamati. Watakaoondoka, waache waondoke. Ni heri ujue leo ni wangapi.

Na ile picha nyuma ya daftari, itoe. Nakuomba kama mwalimu. Sisi tuliosoma zamani tunakumbuka daftari lililokuwa na jedwali la kuzidisha nyuma, mara mbili mpaka mara kumi na mbili. Mtoto alikuwa akikwama, analigeuza daftari, anapata. Wanao wakikwama wanaligeuza wanakutana na mumeo. Rudisha jedwali. Mumeo akiona vibaya, mwambie Mwalimu wa gazetini ndiye aliyesema.

Sasa nije kwa Mama Salma, maana umeuliza alifanyaje.

Alikuwa na kazi yake kabla ya Ikulu. Jakaya Kikwete alipoapishwa Desemba 2005, mkewe alikuwa amesimama mbele ya watoto wa shule ya msingi kwa miaka zaidi ya ishirini, na hilo halikutoka kwa mume. Taasisi aliyoianzisha hakuipa jina la familia, aliiita Wanawake na Maendeleo, na kifupi chake kikawa WAMA. Kazi yake ikaonekana kwa macho: pale Nyamisati, wilaya iliyokuwa Rufiji siku hizo, ikajengwa shule ya sekondari ya WAMA-Nakayama kwa wasichana yatima na wa familia zisizojiweza. Msichana anapewa kitanda, anapewa sare, anasoma. Tofauti yake na lile kabati letu ni kwamba uchaguzi ukipita, shule haipandishwi kwenye pikapu.

Jambo linalonigusa zaidi, na ambalo watu hulipita, ni mahali alipogombea. Eneobunge la mumewe lilikuwa Chalinze, mkoa wa Pwani. Hapo ndipo jina Kikwete lina mizizi, na tangu 2014 kiti hicho kilikuwa kwa Ridhiwani, mwana wa Kikwete. Kwa hiyo sitakudanganya kwamba nyumba ile haina habari za kiti kisitoke nyumbani. Lakini mama mwenyewe alikwenda Lindi, kwao, akaomba kura Mchinga. Tena wakati huo mumewe alikuwa ametoka madarakani miaka mitano nyuma. Jina bado lilimsaidia, nani asiyejua? Wafadhili waliojaa WAMA wasingemfuata mwalimu wa kawaida wa shule ya msingi. Kivuli hakikwisha kabisa. Alichofanya ni kusogea hatua kadhaa mbali nacho, mpaka watu wakamwona yeye mwenyewe.

Wewe huwezi kuhamia Lindi. Kayole ndiko uliko na wadi ndiyo hiyo. Lakini ndani ya wadi kuna sehemu ambazo mumeo hakupendwa, unazijua, kila mke wa mwanasiasa anazijua. Kuna ploti zilizompigia mwenzake kura mara zote mbili. Anzia huko, tena peke yako, bila gari lake wala vijana wake. Keti na wanawake wa huko pale wanapoteka maji, uwaambie jina lako ulilopewa na wazazi wako. Wakikuuliza kwa nini wakuchague na mumeo aliwaahidi taa za barabarani hazikuja, usimtetee na usimseme vibaya. Waambie wewe ungefanya nini. Ukitoka huko na kura hata 50, hizo hakuna atakayesema ni za mumeo.

Usidhani pia kwamba unafungua njia mpya. Grace Onyango alikuwa mwalimu. Mwaka 1969 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa bungeni Kenya, Kisumu Mjini. Nyiva Mwendwa alikuwa mke wa Kitili Mwendwa, Jaji Mkuu wa kwanza Mwafrika nchini. Mwaka 1974 akachaguliwa mbunge wa Kitui Magharibi, mwaka 1995 akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri kamili, na mwaka 2013, karibu miaka arobaini baada ya kura ile ya kwanza, watu wa Kitui wakamchagua tena, mara hii kuwa mwakilishi wa wanawake wa kaunti yao bungeni. Miaka yote hiyo mtu habebwi na jina la mume. Jina la mume lilimfikisha mlangoni labda, lakini ndani alitembea kwa miguu yake.

Kuna jambo la kisheria usilisahau hata kama wapiga debe hawataki kulisikia. Uchaguzi ni Jumanne ya pili ya Agosti, yaani tarehe 10 Agosti 2027. Wewe umeajiriwa na TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, ni mtumishi wa umma, kwa hiyo sheria inakutaka ujiuzulu angalau miezi sita kabla, yaani kabla ya tarehe 10 Februari 2027. Mumeo hahitaji kujiuzulu. MCA anagombea akiwa kazini na mshahara wake unaingia. Wa kwako utakatika. Pigeni hesabu hiyo mezani, nyinyi wawili, na karatasi iwe mbele yenu: karo ya watoto wenu, kodi kama mnalipa, mkopo wa sacco. Kama atashindwa ubunge nawe ushindwe wadi, nyumba itakula nini Septemba? Nimeona walimu walioacha kazi kwa mdomo wa wazee, mchujo wa chama ukawatupa nje mwezi wa nne, wakabaki hawana kura wala chaki.

Lingine ni mamlaka. MCA haajiri mwalimu wala hajengi sekondari. Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na malezi ya watoto wadogo. Shule ya msingi unakofundisha ni ya serikali kuu. Ni kweli kaunti ya Nairobi tangu 2023 inawapikia watoto wa shule za msingi, mtoto analipa shilingi 5 kwa sahani, na mimi nimeona darasa lenye watoto walioshiba, halifanani na lile nililolijua. Ni kweli pia kuna basari za wadi. Lakini mapema mwaka 2025 Mdhibiti wa Bajeti alizitaka kaunti zisimamishe basari kwa shule zisizo jukumu lao, jambo likafika mahakamani, na wazazi wakabaki wakisubiri. Kwa hiyo usisimame kwenye lori la kampeni ukaahidi karo. Simama uzungumze habari ya chekechea. Waulize wenye wadi: hapa kuna chekechea ngapi za umma, na watoto wangapi wako kwa jirani wanaolipiwa shilingi kadhaa kwa siku walale sakafuni? Kwa hilo kiti cha wadi kina nguvu, na wewe una ujuzi kuliko wote watakaokuwa kwenye karatasi ya kura.

Januari 2027 sare zigawanywe na kamati, nawe usiwepo. Najua itakuuma. Lakini mwaka wa kura, sare mkononi mwa mgombea ni kitu kingine mbele ya Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016, na mbele ya macho ya yule msichana ni kitu kingine zaidi.

Mwisho, zungumza na mumeo kabla wazee hawajarudi. Umeandika kurasa nzima na hukuniambia yeye mwenyewe anasemaje. Wazee wamesema, wapiga debe wamesema, akina mama wamesema. Yeye je? Mkishazungumza, niandikie tena, na safari hii weka jina lako chini. Sitalichapisha.

Barua ya pili. Mwalimu, usitupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Huyo Mama Salma alipewa ubunge na Rais Magufuli mwaka 2017, kabla ya hiyo kura ya 2020 unayoisifu. Wake wa wakubwa hawachaguliwi, wanapewa. Mbona ulilificha? — Kijana wa Kariobangi South

Mwanangu, lilistahili kuandikwa na sikuliandika. Asante kwa kulileta.

Ni kweli. Katiba ya Tanzania inamruhusu rais kuteua wabunge wasiozidi 10, na Machi 2017 Mama Salma akawa mmoja wao. Huku kwetu rais hana karata hiyo: wabunge 12 wa kuteuliwa katika Bunge la Taifa wanatoka kwenye orodha za vyama, na wawakilishi wa wanawake 47, mmoja kwa kila kaunti, hawateuliwi hata kidogo. Mwakilishi wa wanawake wa Nairobi anaomba kura katika maeneobunge yote 17, kazi ambayo wanaume wengi wabunge hawajawahi kuifanya. Nalisema hilo kwa sababu nasikia vijana wenzako wakiviita viti hivyo vya bure.

Lakini uliposema hawachaguliwi, hapo sikubaliani nawe. Janet Museveni alichaguliwa mbunge wa Ruhaama mwaka 2006 na tena 2011, mumewe akiwa rais, na baadaye, mwaka 2016, akawa waziri wa elimu. Hillary Clinton aliongoza kamati ya viwango vya elimu kule Arkansas mwaka 1983 mumewe akiwa gavana, na Novemba 2000 watu wa New York wakamchagua seneta akiwa bado mke wa rais aliye madarakani. Hao wawili walikwenda kwa mpiga kura wakati dola iko nyumbani kwao, na una haki ya kuuliza maswali makali juu ya hilo. Mimi ninayo pia, hasa kwa jirani zetu wa Uganda ambako mume hajatoka Ikulu tangu 1986.

Ndiyo maana 2020 ya Mama Salma ina uzito kwangu kuliko 2017 yake. Kiti cha kuteuliwa angeweza kukaa nacho miaka mitatu, akastaafu na heshima zake, na hakuna ambaye angemlaumu. Alikwenda kukiweka jina lake mahali ambapo mtu anaweza kulikataa. Hiyo ndiyo hatua ninayotaka wake wa wanasiasa wetu waipige, badala ya kubaki miaka kumi wakikata utepe.

Barua ya tatu. Mwalimu, mimi ni dereva wa matatu, Dandora. Binti yangu ana miaka 17, alikuwa kidato cha tatu. Amejifungua mwezi wa pili. Nilipokwenda shuleni kuuliza habari ya kurudi, nikaambiwa nitafute shule nyingine kwa faida ya wasichana wengine. Mke wangu analia kila siku. Jirani ameniambia hata huyo Mama Salma wako, mwalimu na mzazi, alikataa wasichana kama wangu warudi shule. Ni kweli? Na nifanye nini? — Baba, Dandora

Baba, pole, na hongera kwa mjukuu. Nayasema yote mawili kwa sababu sidhani kuna aliyekuambia la pili.

Ni kweli alivyosema jirani. Mwaka 2017, jambo hili lilipojadiliwa bungeni Dodoma, Mama Salma alisimama upande wa wasiotaka msichana aliyejifungua arudi darasani. Juni mwaka huo huo Rais Magufuli akatangaza kwamba hakuna atakayerudi, na milango ikabaki imefungwa mpaka Novemba 2021, serikali ya Rais Samia ilipoifungua.

Niliposoma habari ile mwaka 2017 niliumia kuliko ninavyoweza kueleza hapa. Mwanamke aliyejenga shule ya wasichana yatima! Nilijaribu kumwelewa. Mwalimu huwaogopea wale arobaini waliobaki darasani, nami niliwahi kuwaogopea. Lakini mwalimu huyo huyo anapaswa kumhesabu na wa arobaini na moja. Kwa jambo hili alikosea, naendelea kumheshimu kwa mengine, na sioni ugumu wa kushika yote mawili.

Mimi nimemfundisha aliyerudi. Darasa la nane, miaka kumi na sita. Nilimkalisha karibu na mlango. Saa nne bibi yake alikuwa anasimama langoni na mtoto mgongoni, msichana anatoka, anakaa kwenye jiwe chini ya mti, ananyonyesha, anarudi. Dakika kumi na tano. Wenzake walikuwa wanamwachia daftari wazi pale nilipofika. Mwaka ule hakuna mwingine aliyepata mimba kwa kumtazama; waliona jinsi anavyosinzia saa nane mchana, na nadhani jiwe lile liliwafundisha kuliko mimi.

Sasa, la kufanya. Kenya ina sera ya kumrudisha msichana shuleni tangu mwaka 1994, na miongozo yake ikatolewa upya 2020. Hakuna mwalimu mkuu mwenye ruhusa ya kumfukuza kwa ajili ya wenzake. Rudi pale shuleni, kwa upole, uombe wakuandikie kwa barua kwamba wamemkataa na sababu yake. Mara nyingi kalamu ikitajwa, mlango hufunguka. Usipofunguka, chukua nakala ya cheti chake cha kuzaliwa na ripoti zake za mwisho uende ofisi ya mkurugenzi wa elimu ya kaunti ndogo yenu. Enda asubuhi, kabla hujaingia barabarani, na mwende naye binti, wamwone. Akitaka shule nyingine yeye mwenyewe, kwa sababu ya aibu au maneno, hilo ni lake kuamua, na ofisi hiyo hiyo ndiyo ya kusaidia uhamisho. Asihamishwe kwa kufukuzwa.

Na kuna mtu ambaye barua yako haikumtaja. Binti yako alikuwa chini ya miaka 18. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 hilo ni kosa la jinai, awe kijana wa mtaani au mzee mwenye pesa. Kukiwa na mazungumzo ya kuelewana nyumbani kwa mbuzi na ahadi, usiketi kwenye kiti hicho. Nenda kituo cha polisi kwenye dawati la jinsia, na kwanza umsikilize binti, maana bado ana maneno ambayo hajayasema.

Mama yake asilie mbele yake tena, kama anaweza. Gawaneni siku: wewe ukiwa na zamu ya mchana, asubuhi mjukuu ni wako. Najua madereva waliolea. Sare ya zamani itakuwa imembana kifuani. Fundi wa mtaani anaweza kuongeza kitambaa pembeni kwa bei ndogo, mpelekeni wiki hii, asije akaona aibu ya vifungo siku ya kwanza.